Somo la 9: Maneno ya Waliolala

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Samweli 1:17–27, 1 Nyakati 10:13, 14, Esta 3:1–9, Wagalatia 2:11–14, Warumi 11:17–24, Mathayo 12:33–37, 1 Wakorintho 4:5, Yuda 9.

Fungu la Kukariri: Yakobo 3:9, 10. Lisome katika Biblia yako na ulikariri pamoja na darasa lako. Linatuonyesha kinywa kimoja kikifanya kazi mbili zisizopatana: kumhimidi Mungu, na kuwalaani watu walioumbwa kwa mfano wake.

Mtu mashuhuri akifa, mwili wake huzikwa lakini maneno yake hubaki. Hubaki vitabuni na redioni, na siku hizi hubaki ndani ya simu za mkononi. Idi Amin Dada aliitawala Uganda tangu Januari 25, 1971 hadi Aprili 1979, akafariki uhamishoni Jeddah, Saudi Arabia, Agosti 16, 2003. Vijana wengi wanaotazama video zake leo hawakuwa wamezaliwa alipokuwa madarakani. Wanamwona mtu mcheshi, mwenye mwili mkubwa na nishani tele kifuani, akiwatania wakubwa wa dunia, nao wanacheka. Lakini miongoni mwa maneno aliyoyaacha yako yaliyowatukana Wayahudi na kusifu kuuawa kwao.

Maneno hayo yanapotajwa barazani, au hata nje ya kanisa baada ya ibada, majibu huwa ya namna tatu. Mmoja husema marehemu asisemwe. Mwingine husema alikuwa akitania tu. Wa tatu humlaani marehemu, na pamoja naye huilaani dini yake na watu wa kwao. Je, Mkristo anayeingoja hukumu ya Mungu ajibu nini?

Juma hili tutajifunza kwamba kifo hakilitakasi neno baya, wala hakitupi sisi kiti cha Hakimu. Neno lipimwe, mtu aachiwe Mungu, na kipimo tunachokitumia kwa marehemu kianzie katika kinywa chetu wenyewe.

JUMAPILI

Je, Marehemu Asisemwe?

Soma 2 Samweli 1:17–27. Daudi anasema nini juu ya Sauli, na ni mambo gani anayoyanyamazia? Kisha soma 1 Nyakati 10:13, 14. Kwa nini Biblia inayataja yale ambayo Daudi hakuyataja?

Daudi alikuwa na sababu nyingi za kumsema Sauli. Alirushiwa mkuki, akafukuzwa nyumbani, akawindwa nyikani kama ndege. Lakini habari za kifo zilipomfikia alirarua mavazi yake, akalia na kufunga hadi jioni, akatunga maombolezo yasiyo na hata neno moja la kisasi.

Desturi ya watu wetu wa pwani inafanana na hiyo. Penye msiba, anayeanza kufunua makosa ya marehemu hunyamazishwa. Watu huulizwa kama marehemu alikuwa na deni ili lilipwe. Hawaulizwi tabia yake ilikuwaje. Hiyo ni adabu nzuri, kwa kuwa wafiwa wana majonzi na marehemu hawezi kujitetea. Mhubiri 9:5, 6 inatukumbusha kwamba wafu hawajui neno lolote, na kwamba upendo wao na chuki yao vimekwisha kupotea.

Hata hivyo, adabu ya msibani haikukusudiwa kuifunika kweli siku zote. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati anaeleza waziwazi kwamba Sauli alikufa kwa sababu ya kosa lake: hakulishika neno la Bwana, tena alitafuta shauri kwa mwenye pepo wa utambuzi. Vivyo hivyo vitabu vya Wafalme vinamtaja Yeroboamu tena na tena, muda mrefu baada ya kifo chake, kuwa ndiye aliyewakosesha Israeli. Kwa nini asiachwe apumzike? Ni kwa sababu ndama aliowaweka Betheli na Dani waliendelea kuabudiwa. Kama Biblia ingenyamaza kwa heshima ya marehemu, waliozaliwa baadaye wangeendelea kuwaendea ndama wale wakidhani hiyo ndiyo njia ya haki.

Hapa tunapata kanuni ya kutuongoza. Tunanyamaza pale ambapo kusema kungewaumiza wafiwa bila kumfaa mtu yeyote. Tunasema pale ambapo maneno ya marehemu bado yanatembea na kuwadhuru walio hai. Neno ambalo watu wanalirudia kila siku halijazikwa, na kulipima si kumsengenya aliyelisema.

Je, ni wakati gani kunyamaza kwetu juu ya maneno ya mtu aliyekufa huwa ni adabu, na ni wakati gani huwa ni woga?

JUMATATU

Ulimi wa Hamani

Soma Esta 3:1–9. Ugomvi wa Hamani ulianza na nani, na uliishia kwa nani? Aliwaelezaje Wayahudi mbele ya mfalme?

Hamani alikasirishwa na mtu mmoja aliyekataa kumsujudia. Fungu la 6 linaeleza kwamba aliona ni jambo dogo mno kumtia mikono Mordekai peke yake. Akaenda kwa mfalme, na huko hakumtaja Mordekai, wala hakulitaja taifa kwa jina. Alisema tu kwamba kuna watu fulani waliotawanyika katika majimbo, wenye sheria zao, na kwamba haifai kuwaacha. Kwa maneno hayo machache, ugomvi na mtu mmoja uligeuka kuwa hatia ya watu wote wa jamaa yake katika majimbo 127, wazee kwa watoto.

Amin alipita njia hiyohiyo. Mwanzoni hakuwa adui wa Israeli. Wakufunzi wa Kiisraeli walilifundisha jeshi la Uganda, naye aliizuru Israeli mwaka 1971, muda mfupi baada ya kutwaa madaraka. Kisha urafiki ukavunjika, na Machi 1972 akawafukuza Waisraeli nchini. Serikali kuvunja uhusiano na serikali nyingine ni siasa, na watu waaminifu wanaweza kutofautiana juu yake. Lakini Septemba mwaka huo, siku chache baada ya wanamichezo 11 wa Israeli kuuawa wakati wa Michezo ya Olimpiki ya München, Amin alimpelekea telegramu Kurt Waldheim, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Humo alikisifu kitendo cha Hitler cha kuwaua Wayahudi zaidi ya milioni 6. Ugomvi wake na serikali moja ulikuwa umegeuka kuwa furaha juu ya vifo vya wazee na watoto wachanga ambao hawakuwahi hata kuisikia Uganda.

Wako wanaosema kwamba hayo yalikuwa mzaha wa mtu aliyependa kuwachokoza wakubwa. Soma Mithali 26:18, 19. Sulemani anamlinganisha na nani mtu anayemdhuru mwenzake kisha akasema alikuwa akitania?

Tazama kilichofuata mzaha huo. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wako Waafrika walioishika dini ya Kiyahudi tangu mwaka 1919 kwa kumfuata kiongozi wao Semei Kakungulu. Huitwa Abayudaya, nao hushika Sabato ya siku ya saba. Chini ya Amin walikatazwa ibada yao, na wengi wakaiacha kwa hofu. Mwaka 1976, ndege ya Ufaransa iliyotekwa ilipopelekwa Entebbe, Waisraeli walitengwa na abiria wengine. Baada ya makomando wa Israeli kuwaokoa mateka, bibi mzee aitwaye Dora Bloch, aliyekuwa amepelekwa hospitali ya Mulago, alichukuliwa na watu wa serikali na kuuawa.

Wala ulimi huo haukuishia kwa Wayahudi. Agosti 1972 Waasia waliamriwa kuondoka Uganda ndani ya siku 90. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Mwaka huohuo madhehebu mengi yalipigwa marufuku, Kanisa letu likiwamo, na waumini wakalazimika kuabudu kwa siri. Makadirio ya waliouawa katika miaka ile minane hutofautiana, na mengine yanafika watu 300,000. Anayezoea kulidharau taifa moja amekwisha kuufundisha moyo wake namna ya kuwadharau wengine.

Je, umewahi kucheka mzaha juu ya taifa au kabila fulani ambao usingeucheka kama mtu wa kabila hilo angekuwa ameketi karibu nawe? Hilo linakuambia nini juu ya mzaha ule?

JUMANNE

Tunapompenda Aliyesema

Soma Wagalatia 2:11–14. Petro alifanya nini kilichowaumiza watu wa taifa lingine? Kwa nini Paulo alimkemea mbele ya wote?

Ni rahisi kuyahukumu maneno ya Amin. Watanzania tunakumbuka uvamizi wa Kagera mwaka 1978, na wazee wetu waliwaona vijana wakiondoka kwenda vitani. Kumkataa adui hakutugharimu chochote. Mtihani wa kweli huja pale aliyesema neno baya anapokuwa mtu tunayemheshimu.

Martin Luther ni mtu wa namna hiyo. Kitabu cha Pambano Kuu kinaeleza kwa heshima ujasiri wake mbele ya baraza la Worms mwaka 1521, aliposimama juu ya Neno la Mungu. Sisi ni warithi wa Matengenezo yale. Mwaka 1523 Luther aliandika kitabu kidogo kuonyesha kwamba Yesu alizaliwa Myahudi, naye akawataka Wakristo wawatendee Wayahudi kwa upole. Lakini mwaka 1543, miaka mitatu kabla ya kifo chake, aliandika kitabu kingine juu ya Wayahudi kilichojaa matusi. Humo aliwashauri watawala wayachome moto masinagogi yao, wazibomoe nyumba zao na kuwanyang'anya vitabu vyao.

Tunapoyasikia hayo, moyo hutafuta njia ya kumwokoa shujaa wake. Huenda tukasema kwamba alikuwa mzee na mgonjwa, au kwamba watu wote wa wakati wake walisema hivyo. Ni kweli kwamba chuki hiyo ilikuwa imeenea Ulaya. Lakini kitabu chake mwenyewe cha mwaka 1523 kinaonyesha kwamba aliwahi kuijua njia iliyo bora. Tena Heinrich Bullinger, mwanamatengenezo mwenzake wa Zürich, hakupendezwa na lugha ile. Si kweli kwamba hakuna aliyeliona kosa.

Wala maneno yale hayakulala kaburini. Wafuasi wa Hitler waliyatumia karibu miaka 400 baadaye. Julius Streicher, mwenye gazeti lililowatukana Wayahudi kwa miaka mingi, alipohukumiwa Nürnberg mwaka 1946 alimtaja Luther katika kujitetea. Mwaka 1994 Kanisa la Kilutheri la Marekani liliyakataa hadharani maandishi hayo ya mwanzilishi wao. Halikumfuta Luther, wala halikuacha kufundisha kwamba mwenye haki huishi kwa imani. Liliutenga ukweli aliouhubiri na chuki aliyoiandika.

Huku Pemba wakati wa mavuno kila mtu anajua kazi ya kuchambua karafuu. Kishada kinapoletwa kutoka shambani, punje huwekwa kando na makonyo huwekwa kando. Hakuna anayekitupa kishada kizima kwa sababu kina makonyo, wala hakuna anayeyafichia makonyo ndani ya gunia la karafuu akasema yote ni mamoja. Paulo anatuagiza tuyajaribu mambo yote na kulishika lililo jema (1 Wathesalonike 5:21). Hilo linawahusu pia waalimu tunaowapenda. Petro alikemewa mbele ya wote, na bado nyaraka zake tunazisoma.

Je, kuna mhubiri, mwimbaji au kiongozi unayemheshimu ambaye maneno yake mabaya huwa unayatetea kwa sababu tu ni wa upande wako? Ungesema nini kama maneno yaleyale yangetoka kwa mtu usiyempenda?

JUMATANO

Kinywa Chetu Wenyewe

Soma Warumi 11:17–24 na Yohana 4:22. Paulo anawaonya Wakristo wa mataifa wasifanye nini dhidi ya matawi ya asili? Ni nani anayemchukua mwenzake, tawi au shina?

Warumi walioandikiwa waraka huu waliishi katika mji ambao Klaudio aliwahi kuwafukuza Wayahudi wote (Matendo 18:2). Ilikuwa rahisi kwa Wakristo wasio Wayahudi kudhani kwamba Mungu mwenyewe amewatupa watu hao na kwamba sasa wanaweza kudharauliwa. Paulo anawanyamazisha. Tawi lililopandikizwa halina la kujisifia, kwa maana shina ndilo linalolichukua.

Pengine umewahi kuitwa "Myahudi" kwa sababu unafunga duka Jumamosi, au kwa sababu unakataa kuchuma karafuu siku ya Sabato hata mavuno yakiwa yamepamba moto. Jibu linalokuja upesi mdomoni ni, "Mimi si Myahudi!" Jibu hilo ni la kweli, lakini tuangalie linatoka kwa sauti gani. Tukilitoa kwa hasira kama watu waliotukanwa, tumekubaliana na anayetucheka kwamba jina hilo ni tusi. Mwokozi wetu aliitwa kwa jina hilo, na mitume pia, na mama aliyemzaa. Ni afadhali kusema kwa utulivu, "Hapana, mzee wangu, mimi ni Msabato. Siku hii naishika kwa sababu Mungu aliitakasa tangu uumbaji. Lakini Myahudi naye ni kiumbe wa Mungu, na Isa mwenyewe alizaliwa kwao." Jibu la namna hiyo halimwaibishi jirani, wala halimkani Bwana.

Tuyaangalie pia mahubiri yetu. Mara nyingi husemwa mimbarani kwamba Wayahudi walimwua Yesu, kana kwamba taifa zima lilisimama mbele ya Pilato. Soma Matendo 4:27 na Luka 23:27. Biblia inawataja akina nani kuwa walihusika, na inawataja akina nani waliolia? Herode, Pilato, watu wa mataifa na watu wa Israeli wote wamo katika orodha. Isaya 53:5 inaongeza jina letu. Vivyo hivyo tunapolitumia neno "Wayahudi" kumaanisha wanafiki, au watu wanaotegemea matendo ya sheria, tunawafundisha watoto wetu dharau ambayo Yesu hakuifundisha.

Vita vilivyoanza Oktoba 7, 2023 vimelifanya somo hili kuwa gumu zaidi. Siku ile watu wapatao 1,200 waliuawa Israeli, na miongoni mwa waliopoteza maisha ni vijana wawili Watanzania waliokuwa wamekwenda kujifunza kilimo. Huko Gaza makumi ya maelfu ya Wapalestina wameuawa, wakiwamo watoto wengi. Jirani yako anapowalilia watoto wa Gaza, lia pamoja naye (Warumi 12:15). Wala usidhani kwamba kuipenda Biblia kunakudai uwadharau Wapalestina. Kuilaumu serikali kwa matendo yake na kulitukana taifa ni mambo mawili, na Hamani ndiye aliyeyachanganya.

Kanisa letu nalo limelazimika kujipima. Mwaka 2005, miaka 60 baada ya vita kuu ya pili, viongozi wa Waadventista wa Sabato wa Ujerumani na Austria walitoa tamko la kukiri. Walikiri kwamba wakati wa Hitler machapisho mengine ya kanisa yalimtukuza kiongozi yule na kukubaliana na chuki dhidi ya Wayahudi, na kwamba watu wenye asili ya Kiyahudi walitengwa na kuachwa peke yao. Wengi waliohusika walikuwa wamekwisha kulala mauti. Waliobaki hawakusema, "Marehemu wasisemwe." Walilitaja kosa kwa jina lake na kuomba msamaha.

Je, ni usemi gani juu ya Wayahudi, Waarabu, Wahindi au kabila fulani la nchi yetu ambao umezoeleka katika kundi lako? Utafanya nini utakapousikia tena?

ALHAMISI

Kiti Ambacho Si Chetu

Soma Mathayo 12:33–37. 1 Wakorintho 4:5 na Yuda 9. Nani atayahukumu maneno ya watu, na lini? Mikaeli alijizuia kufanya nini hata alipokuwa akishindana na Ibilisi?

Tumekwisha kuona kwamba neno baya lapasa kupimwa. Sasa tuangalie mpaka wa kazi yetu. Yuda anasimulia habari za mwili wa mtu aliyekufa, yaani Musa, na ugomvi juu yake. Ibilisi ndiye mshitaki mwongo kuliko wote, na hakuna aliyestahili kutukanwa kuliko yeye. Lakini Mikaeli hakumshutumu kwa matukano. Aliliacha jambo mikononi mwa Bwana. Ikiwa Mikaeli hakumjibu Shetani kwa matusi, sisi tumepata wapi ruhusa ya kumtukana marehemu ili kuonyesha kwamba tunayachukia matusi yake?

Hapa ndipo lile jibu la tatu linapokosea. Kwa kuwa Amin alikuwa Mwislamu, wako Wakristo wanaosema juu ya maneno yake, "Ndivyo walivyo." Kusema hivyo ni kuuazima ulimi wa Hamani wakati uleule tunapodai kuupinga. Waislamu wengi nao waliteswa chini ya utawala wake, na miongoni mwa askari wetu waliopigana hadi Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, walikuwamo Waislamu na Wakristo. Sisi tunaoishi katikati ya majirani Waislamu, tunaochota maji kisima kimoja nao na kuzikana nao, tunapaswa kulijua hili kuliko wengine. Aliyekosa ni mtu, na neno lake lina jina lake. Halina jina la dini ya jirani yako.

Waadventista tunaamini kwamba vitabu vinafunguliwa mbinguni (Danieli 7:9, 10), na kwamba hukumu hiyo ni ya Mungu anayeyajua yaliyositirika. Sisi tunaona matunda. Yeye anaona mti hadi kwenye mizizi. Manase aliwamwaga damu wasio na hatia hata Yerusalemu ikajaa. Kama hukumu yake ingeandikwa na watu wa mji huo, kesi ingekuwa imefungwa mapema. Lakini soma 2 Nyakati 33:12, 13. Gerezani alijinyenyekeza, na Mungu akamsikia. Kutubu kwake hakukuyageuza matendo yake kuwa mema, na Biblia bado inayasimulia. Kulionyesha tu kwamba neno la mwisho juu ya mtu ni la Mungu. Amin alikufa bila kuwaomba msamaha hadharani aliowatukana, nasi tunaweza kusema hivyo bila kuongeza chumvi. Kilichokuwa moyoni mwake saa ya mwisho hakikukabidhiwa kwetu.

Kwa hiyo video inapofika katika simu yako, usiisambaze kwa kicheko. Kijana akikuuliza, mweleze kilichosemwa, nani aliumia, na kwa nini ni dhambi mbele za Mungu aliyemwumba Myahudi kwa mfano wake. Hakikisha pia kwamba unachomweleza kilisemwa kweli, maana kumsingizia marehemu ni ushuhuda wa uongo kama kumsingizia aliye hai. Kisha unyamaze. Kumbuka kwamba Yesu alipotaja hesabu ya kila neno lisilo maana, hakuwa akizungumza na waliokufa. Waliomsikiliza walikuwa hai, na bado walikuwa na nafasi ya kubadili usemi wao. Wahenga walisema ni heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Aliyelala amekwisha kusema yake. Sisi bado tunasema.

Je, maneno yako ya mwezi uliopita yangetolewa katika simu yako na kusomwa mbele ya darasa hili, ni lipi ungeomba lirukwe? Unaweza kumwendea nani leo kulitengeneza?

IJUMAA

Jifunze Zaidi: Soma Esta sura ya 3 hadi ya 9, pamoja na sura ya kitabu cha Manabii na Wafalme inayoeleza siku za Malkia Esta. Angalia jinsi Ellen White anavyolihusisha tukio lile na watu wa Mungu wa siku za mwisho, watakaoshitakiwa kwa kuwa sheria wanayoishika ni tofauti na ya wengine. Anayengoja kusemwa hivyo kesho hawezi kulifurahia neno kama hilo linaposemwa leo juu ya mwingine.

Kumbuka pia kwamba utawala wa Amin ulianguka katika siku za Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka 1979. Marufuku iliyokuwa juu ya Abayudaya iliondoka, na washiriki wa Kanisa letu Uganda nao wakarudi kuabudu hadharani. Watu wa makundi hayo mawili walikuwa wamenyimwa Sabato yao na mtu mmoja. Kabla ya darasa lako kuachana, ombeni kwa ajili ya wote wanaotukanwa kwa sababu ya kuzaliwa kwao, kwa ajili ya Wayahudi na Wapalestina, na kwa ajili ya ndimi zenu wenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Mshiriki mmoja anasema, "Hayo ni ya zamani, wote wamekufa, tuyaache." Mwingine anasema, "Lazima yasemwe kila Sabato." Kwa kutumia somo la Jumapili, mngewasaidiaje wote wawili?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuyapinga matendo ya serikali na kulitukana taifa? Darasa litaje maneno ambayo mtu anaweza kuyatumia kwa jambo la kwanza bila kutumbukia katika la pili.

3. Je, inafaa kuendelea kuvitumia vitabu au nyimbo za mtu aliyesema maneno ya chuki? Ni mambo gani ya kuangalia kabla ya kuamua?

4. Jirani Mwislamu anakuuliza kwa upole, "Kwani ninyi Wasabato ni Wayahudi?" Wawili katika darasa waigize mazungumzo hayo, kisha wengine waseme ni neno gani lilimheshimu jirani, lilimheshimu Myahudi, na kumheshimu Kristo.

5. Kwa nini ni rahisi zaidi kuyapima maneno ya mtu aliyelala kuliko maneno yetu wenyewe? Mathayo 7:3–5 inatuagiza tuanzie wapi?